Tuache kuhesabu wanawake wa Papa, tuhesabu fedha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Arusha. Wiki mbili zilizopita aliandika kwamba Kanisa la Ulaya mwishoni mwa Zama za Kati liliporomoka kwa sababu ya uzinzi wa mapapa. Alimtaja Aleksanda wa Sita na watoto wake, akamalizia kwa kusema kwamba Martin Luther, mmonaki wa Ujerumani aliyeanzisha Uprotestanti, alisimama baada ya kuchoshwa na uchafu huo.

Mimi ni Mkatoliki, mama wa watoto wanne, na kwa miaka 22 nimetunza hesabu za parokia. Simtetei Aleksanda wa Sita. Rodrigo Borgia, maana ndilo jina lake la kuzaliwa, alikuwa na watoto, hakuwaficha, na mwaka 1493 alimfanya mwanawe Cesare kardinali angali kijana wa miaka 18 hivi. Hayo hayana mjadala. Lakini Aleksanda alifariki mwaka 1503. Luther alitoa hoja zake mwaka 1517, miaka 14 baadaye, na ukizisoma zote 95 hutakuta hata moja inayogusa watoto wa Papa. Zinasema habari za toba, rehema (yaani kufutiwa na Kanisa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa), toharani (mahali roho zinapotakaswa baada ya kifo) na fedha. Mtu aliyeziandika alikuwa ameguswa na jambo jingine kabisa, na jambo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu nalijua kwa kazi ya mikono yangu.

Nilijifunza uwekaji hesabu Peramiho, kwa mmonaki mmoja mzee, Mjerumani, aliyekuwa akichanganya somo la daftari na historia ya Kanisa. Tukimwambia fulani alikuwa mtu mbaya, alikuwa akitukata: "Mama, sijakuuliza tabia yake. Niambie fedha iliingilia mlango gani, ikatokea mlango gani." Nimeishi na swali hilo hadi leo. Ukilipeleka kwenye Kanisa la karne ya 14 na 15, unaona mambo ambayo hadithi za vitandani zinayafunika.

Tuanze na Jubilei, mwaka mtakatifu wa kuhiji, maana wengi wetu tulifanya hija katika Jubilei ya 2025 na tunajua rehema kamili ni kitu gani. Jubilei ya kwanza ilitangazwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Watu wa Ulaya nzima walimiminika Roma. Mmoja wa mahujaji hao, Guglielmo Ventura wa mji wa Asti, aliandika alichokiona kwenye altare ya Mtakatifu Paulo: makleri wawili wamesimama usiku na mchana, wameshika reki, wanakokota fedha isiyo na mwisho. Reki, kama ile tunayokusanyia majani uani. Kila nikiwaza picha hiyo namwona pia yule aliyeitoa sarafu, mtu aliyetembea miezi, akapiga magoti, akaweka alichobakiza. Sina shaka na imani yake. Miaka miwili baadaye Bonifasi huyo huyo alitoa hati ya Unam Sanctam, akitangaza kwamba kila binadamu, ili aokoke, lazima awe chini ya Papa wa Roma. Mwaka 1303 watu wa mfalme wa Ufaransa, Filipo wa Nne, walimvamia nyumbani kwake Anagni. Ugomvi wao ulianzia kwenye kodi: je, mfalme anaweza kuwatoza makleri bila idhini ya Papa? Pale pale mwanzoni, fedha.

Kuanzia mwaka 1309 makao ya mapapa yakawa Avignon, mji ulio kusini mwa Ufaransa ya leo, na huko ndiko hesabu zilikotengenezwa kitaalamu. Ninasema hivi kwa heshima ya mtu wa kazi: madaftari yao ya mapato na matumizi yalikuwa mazuri, na mengi bado yapo Vatikano. Papa Yohane wa 22, aliyetawala kuanzia 1316 hadi 1334, alikuwa mtu wa maisha ya kawaida kabisa. Hakuwa mlevi wala mwasherati. Msomaji wa Arusha hawezi kumweka kwenye orodha yake. Lakini chini yake kila mlango wa Kanisa uliwekewa bei. Askofu au abati (mkuu wa monasteri) mpya aliyethibitishwa na Papa alitakiwa kulipa thuluthi moja ya mapato ya mwaka ya jimbo au monasteri yake, na fedha hiyo iligawanywa nusu kwa nusu kati ya Papa na makardinali. Padri aliyepewa na Papa cheo kidogo zaidi alilipa mapato ya mwaka wa kwanza. Na matumizi? Zaidi ya nusu ya fedha ya Yohane wa 22 iliishia kwenye vita vya Italia.

Asiyelipa je? Tarehe 5 Julai 1328 vilitangazwa vifungo vya Kanisa dhidi ya patriarki mmoja, maaskofu wakuu watano, maaskofu 30 na maabati 46. Kosa lao halikuwa uzushi. Walichelewesha malipo. Nimewahi kuandika barua nyingi za kukumbusha michango ya parokia, nyingine kali, lakini namba hizo zilinitoa machozi siku ya kwanza nilipozisoma. Kumtenga mtu na sakramenti ni dawa ya mwisho ya kuiponya roho yake. Hapa iligeuzwa kuwa barua ya kudai deni.

Ili mtu aelewe ni kwa nini ilifikia huko, lazima ajue cheo cha Kanisa wakati ule kilikuwa kitu gani. Kila parokia, kila jimbo, kila monasteri ilikuwa na mali yake: mashamba, vinu, misitu, nyumba za kupanga, na zaka ya mazao ya wakulima. Kukipata cheo ni kuipata mali hiyo. Kwa hiyo watu walivitafuta vyeo kama wanavyotafuta viwanja, wengine wakashika viwili, vitatu, kumi, huku kazi ya kubatiza na kuzika wakimwachia padri maskini waliyemlipa kidogo. Watoto waliwekewa nafasi mapema. Ippolito d'Este alipewa uaskofu mkuu wa Esztergom, kiti kikubwa kuliko vyote Hungaria, akiwa mtoto wa miaka kama minane, kwa kuwa malkia wa nchi alikuwa dada wa mama yake. Giovanni de' Medici wa Firenze aliteuliwa kardinali mwaka 1489 akiwa na miaka 13. Mkumbukeni huyo Giovanni, tutakutana naye tena.

Sitakaa sana kwenye Farakano Kubwa la 1378 hadi 1417, Kanisa lilipogawanyika chini ya mapapa wanaopingana, maana msomaji wa Arusha amelieleza vizuri. Niongeze moja tu. Palipokuwa na mapapa wawili, halafu kuanzia 1409 watatu, kila mmoja alikuwa na makardinali wake, wakusanya kodi wake na mabenki yake. Mapato yaligawanyika, gharama zikaongezeka mara mbili na mara tatu. Mtaguso wa Konstanz, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliwaondoa na kumchagua Martin wa Tano mwaka 1417, lakini miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 6 Julai 1415, ulimchoma moto Jan Hus, padri wa Praha aliyekuwa akihubiri dhidi ya biashara ya rehema na aliyekwenda Konstanz na barua ya ulinzi ya mfalme Sigismund. Doa hilo halijafutika, na sioni sababu ya kulipitia haraka haraka kwa kuwa tu aliyelitia ni Kanisa langu.

Sasa nifike kwenye Mainz, mji wa Ujerumani, ambako natamani wasomaji wako wakae nami kidogo.

Mji wa Mainz ulifiwa na maaskofu wakuu watatu ndani ya miaka kumi: 1504, 1508 na 1514. Kila askofu mkuu mpya alipaswa kulipa Roma fedha nyingi ili apewe pallio, ule mkanda wa sufu nyeupe wenye misalaba myeusi ambao hata maaskofu wakuu wetu huvaa. Jimbo likawa limekamuliwa. Ndipo akajitokeza Albrecht wa Brandenburg, kijana ambaye hata miaka 24 hakuwa ameitimiza, akaahidi kwamba gharama za safari hii atazibeba mwenyewe. Wakamchagua. Tatizo ni kwamba sheria ya Kanisa ilidai askofu awe na miaka 30, na Albrecht tayari alikuwa askofu mkuu wa Magdeburg na msimamizi wa jimbo la Halberstadt. Viti vitatu kwa mtu mmoja. Kwa nini ukoo wake ulikitaka kiti cha Mainz kwa nguvu hivyo? Kwa sababu askofu mkuu wa Mainz alikuwa mmoja wa watu saba wenye kura ya kumchagua mfalme wa Dola Takatifu la Roma, dola lililounganisha nchi za Kijerumani, na kaka yake Albrecht, mtawala wa Brandenburg, alikuwa na kura nyingine. Kura mbili kati ya saba, nyumba moja.

Roma ilikubali kumpa ruhusa, kwa malipo. Papa wakati huo alikuwa Leo wa Kumi, yule yule Giovanni aliyekuwa kardinali akiwa na miaka 13. Albrecht hakuwa na fedha, akakopa gulden 29,000, sarafu za dhahabu, kwa Jakob Fugger wa Augsburg, tajiri wa migodi na benki. Nimepiga hesabu: gulden moja ya Rhein ilikuwa na takriban gramu mbili na nusu za dhahabu safi, kwa hiyo deni hilo ni zaidi ya kilo 70 za dhahabu. Litalipwaje? Mwaka 1515 Leo alitoa hati ya kuruhusu rehema zihubiriwe kwa miaka minane katika maeneo ya Albrecht, kwa ajili ya ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro. Hivyo ndivyo waumini walivyoambiwa. Makubaliano ya pembeni yalisema nusu iende Roma, nusu imrudishie Fugger deni lake.

Mhubiri Mdominiko Johann Tetzel alitembea na msalaba mbele, na nyuma yake sanduku. Maagizo yaliyotolewa kwa jina la Albrecht yalipanga viwango: wafalme na maaskofu gulden 25, kisha chini ngazi kwa ngazi hadi kwa watu wa kawaida, na asiye na kitu aliruhusiwa kusali na kufunga, kwa kuwa ufalme wa mbinguni ni wa maskini pia. Nalitaja hilo la mwisho makusudi, ili nisiwaonee. Vyeti vya rehema vilikuwa vimeanza kupigwa chapa tangu siku za Gutenberg, mwanzilishi wa uchapaji wa Ulaya. Vipo vya mwaka 1454 na 1455, maneno yote yamechapwa, pameachwa wazi mahali pa kujaza jina na tarehe. Mwenye kuwahi kushika kitabu cha stakabadhi cha parokia ataitambua kazi hiyo mara moja. Na alikokwenda Tetzel, wakala wa Fugger alikuwepo na ufunguo wake. Sanduku halikufunguliwa bila yeye.

Wakristo wa Wittenberg, mji wa Luther, walivuka mpaka kwenda Jüterbog kumsikiliza, kwa sababu mtawala wao, Frederick wa Saksonia, alikuwa amemkataza Tetzel kuingia nchini mwake. Msidhani alifanya hivyo kwa usafi wa moyo peke yake. Frederick alikuwa na mkusanyo wake wa masalia ya watakatifu, yaani mifupa na vitu vyao, vipande 5,005 katika orodha iliyochapwa mwaka 1509, na uliendelea kukua. Aliyeviheshimu kwa ibada na sadaka alipata rehema hapo hapo Wittenberg. Hakutaka fedha ya watu wake ihame.

Waliporudi na vyeti vyao, walivipeleka kwa Luther, padri wao wa kitubio. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alizituma hoja zake kwa barua ya heshima, na aliyeandikiwa ni Albrecht mwenyewe. Alikuwa akimwomba askofu mkuu wake awazuie wahubiri wanaolitumia vibaya jina lake. Habari ya deni la Fugger hakuwa nayo. Katika hoja ya 86 alikumbushia swali lililokuwa likiulizwa na walei: kwa nini Papa, ambaye ni tajiri kuliko Crassus, yule tajiri maarufu wa Roma ya kale, asilijenge basilika kwa fedha yake badala ya fedha ya waumini maskini? Hata swali hilo lenyewe liliamini kwamba fedha yote ilikuwa inakwenda kwenye basilika. Mtu aliyeitikisa Ulaya alikuwa anajua nusu tu ya hesabu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu yangu wa Arusha. Papa mzinzi anakufa, anazikwa, anachaguliwa mwingine. Utaratibu wa cheo kununuliwa kwa mkopo na mkopo kulipwa kwa sadaka haufi na mtu. Hauhitaji hata mtu mwovu. Askofu mpya anaanza kazi na deni, analisukuma kwa mapadri, mapadri wanalisukuma kwa mkulima, na kila mmoja ana risiti halali mkononi. Watu wema walikuwemo humo humo, wakasema. Katarina wa Siena alikwenda Avignon mwaka 1376 kumsihi Papa Gregori wa 11 arudi Roma. Mtaguso wa Tano wa Laterano ulikaa miaka mitano kuzungumzia marekebisho, ukafungwa Machi 1517, miezi saba kabla ya Luther kuandika barua yake. Ulipitisha hati nzuri. Milango ya fedha ikabaki ilivyokuwa.

Kilichokuja kubadilisha mambo kilikuwa cha kihesabu pia. Mtaguso wa Trento mwaka 1562 uliifuta kabisa kazi ya wakusanya fedha za rehema, na mwaka uliofuata ukawabana maaskofu wakae majimboni mwao. Mwaka 1567 Papa Pius wa Tano alibatilisha rehema zote zilizofungamanishwa na malipo. Kwa sheria hiyo rehema na fedha vilitenganishwa, na ndiyo sababu tulipopita Mlango Mtakatifu hatukuulizwa shilingi. Wakatekista wetu wanafundisha rehema ni nini. Ningependa wafundishe na mwaka huo 1567, na kwa nini ulihitajika. Vijana wetu wanasikia habari za Borgia kwenye simu zao kila siku. Habari za Mainz hawazijui, na ndizo zinazoweza kuwafaa siku wakichaguliwa kuwa waweka hazina wa kigango.

Nina sababu yangu ya kuganda kwenye ule ufunguo wa wakala wa Fugger.

Kabla sijahamia huku Mbinga nilitunza hesabu katika parokia nyingine, mkoa mwingine, sitaitaja. Gari la parokia lilikufa na vigango vilikuwa mbali. Mfanyabiashara mmoja akatukopesha fedha za kununua jingine. Gari lilihitajika kweli, lilibeba wagonjwa, lilibeba wafu, na hakuna aliyeiba hata senti. Lakini mkopeshaji alitaka uhakika, tukakubaliana kwamba nusu ya sadaka ya ujenzi impitie yeye mpaka deni liishe. Sadaka ya ujenzi ilikuwa imetangazwa kwa ajili ya bati za kigango kimoja ambacho paa lake liling'olewa na upepo. Kila Jumapili baada ya Misa ya pili tulimwaga vikapu mezani, tukahesabu watu watatu kama kawaida, na wa nne alikuwa kijana wa yule bwana, amekaa pembeni na daftari dogo jekundu. Tukifunga mafungu, lake anaweka kwenye mfuko wa kaki, anasaini, anaondoka. Ilikuwa hivyo Jumapili nane. Kwenye matangazo ya Misa iliendelea kusomwa "sadaka ya bati", na mimi kwenye daftari langu niliandika "matumizi mengineyo".

Jumapili moja kati ya hizo, nikitoka sakristia, nilimkuta bibi mmoja wa kigango hicho ananisubiri chini ya mwembe. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alifungua pindo la khanga, akatoa sarafu alizokuwa amesahau kuzitia kikapuni, akanikabidhi mkononi moja moja, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, bati zetu zimefika ngapi?"

Nilimjibu, "Zinakuja, bibi." Akanishukuru, akanibariki kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akaanza safari ya kurudi.

Jina langu unalo, Mhariri. Lisichapwe, kwa ajili ya wale niliofanya nao kazi.

Mtunza hesabu wa parokia,
Mbinga, Ruvuma